Kabla ya Spika Kulikuwa na Ugomvi wa Kinanda: Historia ya Kelele Kanisani

Jumapili, saa nne asubuhi, kanisa moja dogo uswahilini Dar. Ukumbi ni wa kupanga, bati juu, saruji chini, viti vya plastiki kama mia hivi. Mbele kuna spika mbili ndefu kuliko mchungaji mwenyewe. Kijana wa kinanda ameshawasha mapigo, wa drams anaingia, waimbaji wanne kila mmoja na maiki yake. Mzee wa kanisa anainuka, anasogea taratibu hadi kwa kijana anayekaa kwenye mixer.

"Mwanangu, punguza kidogo."

"Sawa mzee wangu."

Kijana anagusagusa vitufe, mzee anarudi kukaa, mziki uko vilevile. Jumapili inayofuata mzee kaweka kiti chake nje, chini ya mwembe, anafuatilia ibada kupitia dirishani. Vijana wanasema mzee wa kizamani huyo. Wazee wanasema vijana wamegeuza kanisa disko.

Kama unasali kanisa dogo, hiyo stori unaijua. Kila kanisa lina mzee wake na kijana wake wa mixer. Ambacho wengi hawajui ni kwamba ugomvi huu una karibu miaka 500, na mara nyingi sana upande uliosema "huo si mziki wa kanisani" ndio ulioishia kushindwa. Ila safari hii kuna kitu ambacho zamani hakikuwepo. Twende taratibu.

KINANDA KILIPOVUNJWA

Tuanzie Uswisi, mji wa Zürich, miaka ya 1520. Kiongozi wa mageuzi ya kanisa pale alikuwa Zwingli. Huyu jamaa alikuwa mkali wa mziki, anapiga vyombo kadhaa mwenyewe. Lakini aliamini ibada ni Neno na moyo, kwa hiyo mziki ukae pembeni. Mwaka 1527 kinanda kikubwa cha kanisa kuu la mji kikavunjwa. Hata kuimba kwenyewe kukasimama. Watu wa Zürich walikaa bila kuimba ibadani hadi 1598.

Yaani wakati sisi tunagombania besi, wenzetu waligombania kama watu waimbe au wasiimbe kabisa.

Ujerumani kulikuwa na mwingine, Luther, aliyeona tofauti. Zamani zile sehemu kubwa ya uimbaji wa ibada ilikuwa kwa Kilatini, tena ya mapadri na kwaya. Mwaka 1524 vikaanza kutoka vitabu vya nyimbo kwa Kijerumani, lugha ya sokoni, ili muuza mboga naye aimbe. Geneva nako kwa Calvin waliimba Zaburi tu, bila chombo chochote, na kitabu chao kilikamilika 1562.

Baadaye Uingereza akatokea kijana anaitwa Isaac Watts. Inasimuliwa alimlalamikia baba yake kwamba uimbaji wa kanisani kwao unachosha, baba akamwambia basi tunga wewe kilicho bora. Akatunga kweli. Kitabu chake kikatoka 1707, na kuna wazee waliokasirika: huyu dogo ni nani aweke maneno yake mahali pa Zaburi? Leo nyimbo zake ndizo wazee wanazoziita nyimbo za kweli.

Umeona mchezo unavyokwenda?

TENZI NAZO ZILIKUWA ZA VIJANA

Mwaka 1873 Wamarekani wawili walifika Uingereza na Uskoti kuhubiri. Mmoja anahubiri, mwingine anaimba huku anapiga kinanda kidogo cha kubebeka. Muimbaji huyo alikuwa Ira Sankey. Uskoti wakati huo makanisa mengi yaliimba Zaburi bila chombo chochote, kwa hiyo kinanda kile kilikuwa kashfa. Nyimbo zenyewe zilikuwa nyepesi, zina kiitikio, zinakaa kichwani kama nyimbo za mtaani. Wapo walioona ni utani mbele za Mungu.

Sasa shika hapa. Sankey alikusanya nyimbo hizo kwenye kitabu, na kitabu hicho kikasambaa kila wamisionari wa Kiingereza walipokwenda. Nyimbo nyingi tunazozikuta ndani ya Tenzi za Rohoni zimetoka kwenye kapu hilohilo. Kwa hiyo mzee aliye chini ya mwembe anayesema "turudi kwenye Tenzi" anataka arudi kwenye mziki ambao babu wa mtu fulani kule Uskoti aliuita wa kihuni.

Huku kwetu hali ilikuwa na maumivu yake. Wamisionari wengi waliona ngoma ni kitu cha matambiko na ulevi, wakaiacha nje ya mlango. Wimbo ukatafsiriwa Kiswahili lakini ukabaki na tuni ya Ulaya. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ila tuni ya Ulaya haijui hilo, inakanyaga inapotaka. Ndiyo maana kuna nyimbo za kitabuni ukiziimba unasikia kabisa neno limevutwa mahali ambapo mswahili hawezi kulivuta. Watu waliimba hivyo miaka na miaka, wakazoea, mwishoni wakaanza kuamini kwamba huo ndio utakatifu wenyewe.

Milango ilifunguka kidogokidogo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulisambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, ukiwa na kiitikio kifupi cha Kiganda ambacho mtu asiyejua kusoma alikishika mara moja. Mwaka 1958 kwaya moja ya Kamina, Katanga, chini ya padri mmoja Mbelgiji ilirekodi misa ya Kilatini kwa ngoma na mahadhi ya Kongo, inaitwa Missa Luba. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba mziki wa kila watu upewe heshima yake ibadani. Tanzania nako, mwalimu mmoja mmisionari wa chuo cha Kilutheri Makumira, karibu na Arusha, alihimiza wanafunzi wake walete tuni za kwao, wakaziwekea maneno ya injili.

Halafu zikaja kwaya za vijana za mjini, gitaa la solo, la ridhimu na la besi, sebene la Kikongo ndani yake, sare za kitenge. Wazee wakaguna tena. Leo kanda za kwaya zile ndizo zinazowatoa machozi wazee walewale.

KUTOKA KALIFONIA HADI MBAGALA

Mtindo wa "kusifu na kuabudu" tunaoujua leo una mizizi mingi, na mmoja uko Costa Mesa, Kalifonia, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mchungaji mmoja wa kanisa dogo alianza kupokea mahipi, nywele ndefu, miguu peku, magitaa mgongoni. Kanisa lilikuwa na zulia jipya, viongozi wakaweka tangazo kwamba peku haziruhusiwi. Mchungaji akaling'oa. Aliona bora zulia lichafuke kuliko kijana mmoja arudishwe mlangoni. Vijana wale wakatunga nyimbo zao, na mwaka 1971 kanisa likaanzisha lebo ya kuzirekodi, Maranatha! Music.

Miaka ya 1990 Australia nayo ikaingia kwa kishindo kupitia Hillsong. Nyimbo zikasafiri kwa kaseti, kisha CD, kisha TV, leo YouTube. Zilipotua Nairobi, Kampala na Dar zilikuta tayari kuna mapambio na sebene, vikachanganyika. Na kuna chombo kimoja kilichobadilisha kila kitu kwa makanisa madogo: kinanda cha umeme chenye mapigo ndani yake. Kanisa lisiloweza kulipa bendi likapata drams, besi na tarumbeta kwenye mashine moja.

Sasa ukiziangalia stori zote hizi, utaona mitindo iliyoshinda ina kitu kinachofanana. Luther alitaka muuza mboga aimbe. Watts alitaka watu waache kusinzia. Sankey alileta kiitikio ili hata mgeni ashike. Pambio lilimpa sauti asiyejua kusoma. Mziki mpya ulishinda kwa sababu uliongeza idadi ya watu wanaoimba.

KITU KIPYA NI SPIKA

Ni kweli, vinanda vya bomba vya makanisa makubwa Ulaya vilikuwa na sauti ya kutetemesha kuta. Lakini kanisa dogo la kijijini halikuwa nacho. Kwa karne nyingi kanisa dogo sauti yake ilikuwa ni ya watu wake. Watu hamsini wakiimba, muimbishaji mmoja hawezi kuwafunika, hata awe na mapafu ya aina gani.

Spika imegeuza hesabu hiyo. Leo watu watano mbele wanaweza kuwafunika mia, na wale mia wakinyamaza hakuna atakayegundua.

Vyombo vingi vimetoka kwenye fikra ya mkutano wa injili wa uwanjani, ambapo sauti ifike hadi barabarani. Ukivileta kwenye ukumbi wa bati na saruji, sauti haina pa kwenda, inagonga ukuta inarudi. Drams zenyewe bila hata maiki zinajaza chumba. Mpiga gitaa hajisikii, anaongeza. Wa kinanda anaongeza. Muimbaji hajisikii, anaomba maiki ipandishwe. Kijana wa mixer amekaa pembeni nyuma ya spika, kwake mbona freshi tu. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini baada ya nyimbo tatu mama aliyekaa mstari wa mbele na mtoto mchanga mgongoni anaziba masikio ya mtoto kwa khanga.

Na masikio hayana dini. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Wataalamu wa usalama kazini wanasema desibeli 85 unaweza kuvumilia masaa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatika nusu: 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, ukifika 100 ni dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100. Hizo ni klabu, mdau. Sasa fikiria kijana wa drams anayepiga mazoezi Jumatano, mkesha Ijumaa na ibada mbili Jumapili. Ule mlio wa "nziii" anaolala nao usiku ni sikio linalolalamika, na likishaharibika halirudi.

Serikali nazo zimeamka. Kenya ilitunga kanuni za kelele mwaka 2009, Tanzania 2015. Rwanda mwaka 2018 ilifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali, sababu kubwa zikiwa majengo na usalama, na kelele nazo zilitajwa. Jirani mgonjwa au anayetoka shifti ya usiku hawezi kujua wimbo wako unamtukuza nani. Anachojua ni kwamba hajalala.

NANI AKUBALI KUSHUKA?

Hapa wazee wana kosa lao. Wakichanganya mambo mawili, wakasema "punguzeni sauti na mrudishe Tenzi", vijana wanasikia la pili tu na wanakasirika. Mtindo wa vijana si dhambi, na historia iko upande wao. Kanisa linalomfukuza kijana kwa sababu ya sebene litakuja kubaki na viti.

Na vijana nao wana kosa lao. Wanadhani kila anayeomba sauti ishuke anachukia mziki wao. Mzee wa chini ya mwembe huenda anazijua nyimbo zote za praise team. Masikio yake ndiyo hayawezi, na heshima yake inamzuia kulalamika mara ya pili.

Suluhisho lenyewe si la hela nyingi. Mixer ihamie katikati ya waumini ili anayeipiga asikie wanachosikia wao. Spika zipandishwe juu ya vichwa, zisimpige mtu wa mstari wa mbele usoni. Mapazia mazito na mazulia yanapunguza mwangwi. Mpiga drams atumie fimbo nyepesi. Funguo ya wimbo ishushwe, maana si kila muumini ana koo la staa wa YouTube. Na simu ina programu ya kupima desibeli, haitakupa kipimo cha maabara ila itakuonyesha kama mko 80 au 100.

Halafu kuna kipimo kingine kisichohitaji hata simu, na kila kanisa dogo la Dar limeshakutana nacho. Umeme unakatika katikati ya kuabudu. Spika kimya, kinanda kimya, waimbaji mbele wanatazamana. Kuna sekunde mbili hivi za ukimya mzito. Kisha makanisa yanatofautiana. Kuna kanisa ambalo wimbo unaendelea, mama mmoja anashika sauti ya juu, wababa wanaingia chini, watoto wanapiga makofi, na mzee wa chini ya mwembe anabeba kiti chake anarudi ndani.

Na kuna kanisa ambalo umeme ukikatika, wimbo nao umekwisha. Watu wote wamekaa wanasubiri jenereta, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaimba.

Kwenu umeme ukikatika inakuwaje? Tiririka hapo chini kwenye komenti, ila majina ya makanisa tuyaache.