Kobe wa Samaras

Kwa miaka mingi Wamarekani waliambiwa: ukiona tornado, kile kimbunga chembamba kinachoning'inia kutoka winguni, kimbia ukafungue madirisha. Eti ndani yake mgandamizo wa hewa ni mdogo mno, hivyo hewa iliyobaki nyumbani itaipasua nyumba kama puto.

Uongo huo, msomaji, ulikuwa na chembe ya kweli. Hewa ya joto yenye unyevu hupanda, pepo za chini na za juu zisizolingana huizungusha, na inavyosokoteka mgandamizo wa katikati hushuka. Lakini unashuka kiasi gani? Nani aende akapime?

Alikwenda Tim Samaras. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na kijiji cha Manchester, South Dakota, alitega njiani kifaa bapa kilichopewa jina la kobe, akatimua mbio. Tornado ikampitia kobe juu. Mgandamizo ulianguka milibari 100 kwa muda wa kama dakika moja tu! Kijiji nacho kikafutika.

Hata hivyo, nyumba ina nyufa, haipasuki. Kinachobomoa ni upepo: ukipata dirisha wazi huingia na kusukuma paa juu. Yaani watu walikuwa wanamfungulia mwizi mlango.

Samaras aliuawa 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, pamoja na mwanawe na mwenzao. Tornado hiyo ilitanuka ikapita kilomita 4, nao walikuwa ndani ya gari.