Takwimu, Taarifa na Data: Neno Lipi kwa Maktaba ya Watafiti?

Neno takwimu lilipotufikia kutoka Kiarabu halikuhusu hesabu ya watu wala ya mavuno. Katika kamusi za zamani maana yake ni kalenda. Baadaye Serikali ililitwaa kwa hesabu zake, na hata leo mtumishi akilisikia humjia kwanza sensa.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Huko Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, imo hazina ya taifa ya mimea iliyokaushwa, iliyotunzwa miaka mingi na taasisi ya utafiti wa viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ambayo kazi zake zilihamishiwa mamlaka mpya mwaka 2020. Kila mmea umebandikwa juu ya karatasi pamoja na jina lake, mahali ulipochumwa, tarehe na jina la mchumaji. Kwa mtafiti, karatasi yote hiyo ni data. Ikikosa maelezo hayo, hubaki majani makavu tu.

Upande wa pili wa mji, Tengeru, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Maktaba ya chuo cha namna hiyo, ipangapo huduma kwa watafiti, haina budi kuuliza mapema: kitahifadhiwa nini, kwa muundo upi, na nani ataruhusiwa kukiona? Mpango huo ukiitwa "huduma za takwimu", mwenye picha, kanda za mahojiano au majani makavu atadhani haumhusu, na kazi yake itapotelea sandukuni. Aidha, Sheria ya Takwimu ya 2015 imelipa neno hilo uzito wa kiserikali.

Je, taarifa? Sheria ya Tanzania ya 2022 yasema "taarifa binafsi", ilhali Wakenya, kuhusu sheria yao ya 2019, husema "ulinzi wa data". Mtafsiri aliye Arusha, yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, huyakuta yote mawili mezani. Lakini taarifa ni pia ripoti, tena ni habari za redioni.

Kwa maoni yangu, data libaki. Wanaolikataa kwa ugeni wake wamesahau kwamba takwimu nalo lilikuja kwa jahazi. Tena limekwisha kuzaa: tuna hifadhidata, na kanzidata lenye kanzi, yaani hazina, ndani yake. Lililosalia ni upatanisho wa kisarufi, kwani wengine huandika "data hii imekusanywa" na wengine "data hizi zimekusanywa". Mimi huandika la pili, kwa kuwa karatasi za Ngaramtoni ni nyingi.