Wiki ya Kazi ya Mbunge: Namna Hoja ya Mwananchi Inavyosafiri Kutoka Kijijini hadi Bungeni

Katika vijiji vingi vya Tanzania limesimama boma la zahanati. Wananchi walichangia fedha, wakasomba mawe na mchanga, wakapandisha kuta hadi usawa wa lenta, kisha wakaisubiri Serikali iezeke na kukamilisha. Mvua zinapopita msimu baada ya msimu, swali linaloulizwa kijiweni na kwenye mikutano ya hadhara ni moja: Mbunge wetu anafanya nini?

Mbunge hana fungu la Wizara mkononi mwake, wala hana mamlaka ya kumwamuru Mkurugenzi wa Halmashauri alipe fundi. Nguvu yake iko katika kuuliza, kujadili, kupiga kura na kufuatilia. Anayeifahamu wiki yake ya kazi anajua pia hoja ya boma ipelekwe wapi, lini na kwa njia ipi.

Msingi wa kazi

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Katika kutekeleza madaraka hayo, Bunge linaweza kumuuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, kujadili utekelezaji wa kila Wizara wakati wa Mkutano wa Bajeti, kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria na kuridhia mikataba.

Ibara ya 99 nayo inaweka mpaka. Pendekezo la kuongeza kodi au kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina haliwezi kushughulikiwa na Bunge isipokuwa limewasilishwa na Waziri kwa niaba ya Rais. Kwa hiyo Mbunge anayetaka boma liezekwe hawezi kusimama ukumbini na kujiandikia fedha. Kazi yake ni kuishawishi Serikali iziweke katika mpango wake.

Siku tano za Dodoma

Bunge hukutana jijini Dodoma kwa vipindi. Kipindi kirefu kuliko vyote ni Mkutano wa Bajeti, unaoanza mwezi Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Katika majuma hayo Mbunge huingia ukumbini Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili Bunge halikutani, isipokuwa limeamua vinginevyo.

Kikao cha asubuhi huanza saa 3:00 kwa dua. Baada ya hati kuwasilishwa mezani hufuata maswali. Swali la msingi huwa limepelekwa mapema kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, ili Wizara ipate muda wa kukusanya taarifa kutoka mkoani na wilayani. Jibu likishasomwa, Mbunge aliyeuliza hupewa nafasi ya kuuliza maswali mawili ya nyongeza, na hapo ndipo maandalizi yake yanapopimwa. Anayejua jina la kijiji, hatua iliyofikiwa na ujenzi, kiasi kilichochangwa na wananchi na idadi ya kilomita ambazo mama mjamzito hutembea kufuata huduma, humbana Waziri kuliko anayelalamika kwa ujumla. Alhamisi huwa na utaratibu wa pekee: Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo, bila kupewa taarifa kabla.

Baada ya maswali huja mjadala wa makadirio ya Wizara iliyo mezani. Waziri husoma hotuba yake, Kamati husika hutoa maoni, kisha Wabunge huchangia kwa dakika chache kila mmoja. Hoja ya zahanati ya kijiji, kwa mfano, ina mahali pake pa wazi katika makadirio ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI, kwa kuwa zahanati husimamiwa na halmashauri.

Mjadala ukifungwa, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu. Hapo Mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara wa Waziri, jambo linalojulikana zaidi kama kushika shilingi. Shilingi hiyo haimpunguzii Waziri kitu cha maana mfukoni. Shabaha yake ni kumlazimu atoe maelezo ya kina au ahadi mbele ya Bunge. Kila neno linaloahidiwa huingia katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, maarufu kama Hansard, na huweza kurejewa.

Kazi isiyoonekana katika televisheni

Sehemu kubwa ya wiki hupita nje ya ukumbi. Wabunge hugawanywa katika Kamati za Kudumu, ambazo hukutana kabla ya Mikutano ya Bunge na pia kukagua miradi. Muswada ukisomwa mara ya kwanza, hupelekwa katika Kamati, ambako wadau huitwa kutoa maoni. Kamati ya Hesabu za Serikali na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huzifanyia kazi taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kuwahoji maofisa masuuli kuhusu fedha zilizotumika kinyume cha utaratibu.

Mahudhurio nayo yana uzito wa kisheria. Chini ya Ibara ya 71 ya Katiba, Mbunge anayekosa kuhudhuria vikao vya Mikutano ya Bunge mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti chake.

Wiki ya jimboni

Bunge likiahirishwa, kazi huhamia jimboni. Mwezi Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8, na kufanya idadi ya majimbo nchini kuwa 272. Yapo ya mjini yanayozungukwa kwa siku moja, na yapo ya vijijini yanayohitaji siku kadhaa za safari kabla ya kufikia kata ya mwisho.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake, ambako mpango na bajeti ya halmashauri hupitishwa. Aidha, ni Mwenyekiti wa Kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mfuko huo unakusudiwa kuunga mkono miradi iliyoibuliwa na wananchi. Si posho ya Mbunge, na matumizi yake hukaguliwa kama fedha nyingine za umma.

Hoja ianzie wapi

Hoja yenye nguvu huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, ikaandikwa katika muhtasari, ikapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya Diwani, kisha ikaingia katika mpango wa halmashauri. Hoja iliyopita njia hiyo humkuta Mbunge akiwa na ushahidi wa kusimama nao Dodoma. Iliyotamkwa barabarani gari likiondoka huishia vumbini.

Muda nao ni jambo la kuzingatia. Halmashauri huandaa mipango yake miezi kadhaa kabla ya Aprili, hivyo ombi linalowasilishwa Juni, bajeti ikiwa inapitishwa, huwa limechelewa kwa mwaka mzima wa fedha.

Mwisho, mwananchi anayo haki ya kumpima mwakilishi wake kwa kumbukumbu. Hansard huonyesha aliuliza nini na Serikali ilijibu nini, na muhtasari wa kijiji huonyesha alitumwa nini. Mbunge anaporudi jimboni na kuitisha mkutano, nyaraka hizo mbili zikiwekwa pamoja, swali la kijiweni hubadilika na kuwa mahususi zaidi: Waziri aliahidi kuezeka boma letu katika mwaka huu wa fedha; fedha zimefika halmashauri, au bado?