Kigari cha Ubaoni Hakihitaji Breki: Historia Fupi ya Mtihani wa Udereva

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, tuzungumzie mashine nyingine tunayoitumia kila siku, yaani gari. Swali langu ni moja tu: gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, linahitaji mita ngapi za barabara ili lisimame kabisa? Dereva mwenye leseni amefaulu mtihani, kwa hiyo tungetegemea ajue. Lakini je, mtihani wenyewe ulimuuliza? Ili tupate jibu inabidi turudi nyuma karibu miaka mia moja, halafu tuje hadi Kitui na Makueni, ambako swali hili limekuwa zito kuliko zamani.

Hadithi inaanzia Uingereza, maana sheria zetu za barabara zilitoka huko. Mwaka 1930 bunge lao lilifuta kikomo cha maili 20 kwa saa kwa magari madogo. Mwaka 1931 serikali ikatoa kijitabu cha kwanza cha kanuni za barabara, kile tunachokiita Highway Code. Kijitabu hakikutosha. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 walikufa barabarani katika nchi iliyokuwa na magari machache sana ukilinganisha na leo. Waziri wa uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, akarudisha kikomo cha mwendo mijini, maili 30 kwa saa, na kuanzia Juni 1935 mtihani wa udereva ukawa wa lazima kwa madereva wapya. Herufi L nyekundu, ile inayobandikwa kwenye gari la mwanafunzi hapa kwetu, nayo ni ya mwaka huo huo.

Sasa angalieni jinsi mtihani ulivyopangwa. Mtahini aliketi kando ya mwanafunzi, akamwona akiendesha, kisha akamuuliza maswali machache ya mdomo kutoka kwenye kijitabu. Utaratibu huo ulidumu Uingereza hadi Julai 1996, ulipoanzishwa mtihani wa nadharia unaojitegemea. Januari 2000 mtihani huo ukahamia kwenye kompyuta, na Novemba 2002 ikaongezwa sehemu ya video, ambapo mtahiniwa hubonyeza kitufe pindi anapoona hatari inajitokeza.

Kenya ilirithi utaratibu ule wa mdomo. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, ilitungwa mwaka 1953 wakati wa ukoloni, na imefanyiwa marekebisho mengi tangu hapo. Kwa miongo mingi askari wa trafiki ndio waliokuwa watahini. Sheria ya mwaka 2012 ikaunda NTSA, na kanuni za mwaka 2020 zikaweka utaratibu mpya wa shule za udereva, wakufunzi na leseni. Lakini kitu kimoja kila aliyesomea udereva Kenya anakijua: ule ubao wenye mji mdogo uliochorwa, una barabara, makutano na mzunguko. Unapewa kigari cha kuchezea, mtahini anakwambia, "Toka hapa uende pale," nawe unakisukuma kwa kidole huku ukieleza: naangalia kioo, natoa ishara, nachukua upande wa kulia.

Ubao huo una faida yake. Hauhitaji umeme, unaweza kuuweka chini ya mti popote, na unafundisha nani ampishe nani. Shida ni kwamba kigari kile hakina uzito. Kidole kikisimama, nacho kinasimama pale pale. Kwa hiyo ubao unafundisha mahali pa kusimama, lakini haufundishi kusimama kunagharimu mita ngapi. Kwa lugha yetu ya programu, ni jaribio linalopita kila siku kwa sababu limeacha nje kitu kinachovunja mfumo wenyewe!

Waingereza walijaribu kuziba pengo hilo kwa jedwali la umbali wa kusimama. Wanafunzi wa huko bado wanalikariri: maili 30 kwa saa ni mita 23, maili 60 ni mita 73, maili 70 ni mita 96. Ukizigeuza namba hizo kuwa futi utakuta zimetoka kwenye kanuni ndogo sana. Chukua mwendo kwa maili, hizo ndizo futi za kufikiri. Kisha zidisha mwendo kwa wenyewe, gawa kwa 20, hizo ni futi za breki. Kwa maili 30 unapata 30 na 45, jumla futi 75. Kwa maili 60 unapata 60 na 180, jumla futi 240. Jedwali zima ni matokeo ya mstari mmoja wa hesabu.

Mstari huo una dhana mbili zilizojificha. Ya kwanza ni kwamba dereva anaona hatari na kukanyaga breki kwa muda wa sekunde 0.67 hivi. Hiyo ni kwa mtu aliye macho na anayetarajia jambo. Aliyechoka, au anayeangalia simu, hawezi. Ya pili ni kwamba barabara ni lami kavu na tairi zinashika vizuri. Anayekariri namba hizi dhana, na siku dhana zikibadilika, namba zinamsaliti.

Basi tuandike upya kwa kilomita, na tumpe dereva sekunde 1.5, ambazo zinamfaa zaidi mtu wa kawaida asiyetarajia kitu:

kasi = kilomita / 3.6
kufikiri = kasi * 1.5
breki = kasi * kasi / (2 * uwezo)
jumla = kufikiri + breki

Hapo "uwezo" ni kiasi ambacho mwendo unapungua kila sekunde. Kwa lami kavu tuchukue 6.5, na kwa changarawe tuchukue 4. Majibu ni haya:

Lami, kilomita 50: mita 36
Lami, kilomita 80: mita 71
Lami, kilomita 100: mita 101
Changarawe, kilomita 50: mita 45
Changarawe, kilomita 80: mita 95

Sasa tuje Ukambani. Barabara ya kutoka Kibwezi, kaunti ya Makueni, kupitia Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na changarawe. Iliwekwa lami katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020. Ni maendeleo makubwa, hakuna anayebisha: mgonjwa anafika hospitali, maembe yanafika sokoni kabla hayajaoza. Lakini angalia hesabu. Zamani mashimo yenyewe yalimlazimisha dereva aende kilomita 50 au chini, na alihitaji mita 45 kusimama. Leo kwenye lami anaweza kwenda 100, na anahitaji mita 101. Lami inashika vizuri kuliko changarawe, lakini faida yote imeliwa na kasi, ikabaki na deni juu. Mbuzi, punda na watoto wanaokwenda shule bado wanavuka pale pale walipokuwa wakivuka. Usiku ni balaa zaidi, kwa sababu taa za chini za gari la kawaida humulika makumi machache tu ya mita. Dereva anaendesha ndani ya giza ambalo hawezi kusimama kabla ya kulifikia.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali halisemi. Chukua magari mawili yanayokwenda sambamba, moja kilomita 50 na jingine 70, mtoto akatokea mbele na madereva wote wakashtuka kwa wakati mmoja. La 50 linasimama baada ya mita 36. Lile la 70, likifika hapo hapo, bado liko karibu kilomita 62 kwa saa! Mita 29 za kwanza ziliisha dereva akiwa bado anahamisha mguu. Hiyo "20 tu ya ziada" ndiyo tofauti ya mtoto kufika nyumbani na kutofika.

Kenya iliwahi kujaribu kulitatua jambo hili kwa chuma badala ya kichwa. Kanuni za mwaka 2003, tunazoziita sheria za Michuki kwa jina la waziri John Michuki, zilianza kutekelezwa kwa nguvu Februari 2004. Matatu zikafungiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80, na abiria wakatakiwa kufunga mikanda. Wazo lilikuwa zuri: kama dereva hajui kanuni, ifungie ndani ya mashine. Lakini kidhibiti kinajua mwendo tu. Hakijui kwamba mvua imenyesha, tairi zimeisha, au gari limebeba kupita kiasi.

Hata breki za kisasa zina mipaka. Mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ABS, uliletwa na Bosch na Mercedes-Benz mwaka 1978. Kazi yake kubwa ni kumwezesha dereva aendelee kupiga usukani huku amekanyaga breki. Kwenye changarawe iliyolegea unaweza hata kurefusha umbali wa kusimama.

Na malori je? Upande wa Makueni barabara kuu ya Mombasa inapita Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei, na malori mazito hayakatiki mchana na usiku. Breki haifuti mwendo, inaugeuza kuwa joto. Lori la tani 40 likishuka mteremko wa kimo cha mita 100, breki zikilizuia peke yake zinapokea joto la kutosha kuchemsha karibu mitungi sita ya maji ya lita 20. Chuma kikipata moto kiasi hicho breki hulegea, na ndipo utasikia watu wakisema "breki zilikatika". Mara nyingi hazikukatika. Zilichoka, kwa sababu dereva hakuingiza gia ya chini kabla ya kuanza kushuka. Kigari cha ubaoni hakijawahi kushuka mlima.

Nirudi Kitui kwa jambo zito zaidi. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia katika mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Siandiki haya kumlaumu marehemu yeyote. Basi hilo halikukosa mita za kusimamia. Lililokosekana ni lile fungu la kwanza la kanuni yetu, kufikiri: maji yanayokwenda kasi yanasukuma gari kwa nguvu, na gari likianza kuelea tairi hazishiki tena chochote. Katika nchi ya mito ya msimu kama Ukambani, swali la mto uliofurika lilistahili kuwa la kwanza kwenye mtihani, kabla ya mzunguko ambao dereva wa Mutomo huenda asiukute mwaka mzima.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ubao ubaki, lakini usiwe peke yake. Mwanafunzi apelekwe barabarani, apime hatua 71 kwa miguu yake, hatua moja mita moja, aone kilomita 80 inavyokula ardhi. Kisha afanye hivyo tena kwa changarawe, hatua 95. Hakuna programu wala intaneti inayohitajika. Na kwa sisi tuliokwisha kupata leseni kuna kipimo rahisi kisichohitaji jedwali. Gari la mbele likipita mti au nguzo, anza kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, ongeza. Uzuri wake ni kwamba kasi ikipanda, mita zinaongezeka zenyewe, bila hesabu.

Namba za kukariri husahaulika wiki moja baada ya mtihani. Kanuni ukiielewa unabaki nayo, iwe uko kwenye lami ya Kibwezi au kwenye vumbi la kijijini. Safari njema, na tuonane wiki ijayo.