Eropleni na Wagonjwa wa Mbali

Wazee wa Rutamba waijua sana machela. Zamani mgonjwa akizidiwa, hasa mama aliyeshindwa kujifungua, alilazwa juu ya kitanda cha kamba, akachukuliwa na vijana kwa zamu kuelekea Lindi. Wakati wa masika mabonde yakijaa maji, njia ilikatika. Wako waliofika, wako waliozikwa njiani. Kwa hiyo katika kitabu hiki cha jubilii yafaa kueleza habari za waganga warukao, ingawa mwanzo wake ni nchi ya mbali.

Pwani yetu iliijua eropleni kwa vita kabla ya kuijua kwa dawa. Mwezi wa Julai 1915 eropleni za Waingereza ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia, zikaielekeza mizinga ya meli zao mpaka manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, ikaangamia. Hata Oktoba 1917 vita ikafika Mahiwa, karibu na Nyangao. Katika vita ile yote, wapagazi wetu waliokufa kwa homa na kuhara walikuwa wengi kupita askari waliokufa kwa risasi.

Mwaka huo huo wa 1917, huko Australia, mchunga ng'ombe jina lake Jimmy Darcy aliumia vibaya karibu na Halls Creek, mahali pasipo mganga. Bwana posta, aitwaye Tuckett, akapokea maagizo ya daktari wa Perth kwa simu ya waya, akampasua kwa kisu cha mfukoni. Daktari mwenyewe akapanda meli ya ng'ombe, kisha motokaa. Alipofika aliambiwa kwamba mgonjwa amekufa jana yake.

Habari hiyo ilimchoma moyo Mchungaji John Flynn wa Kanisa la Kipresbiteri. Tena mwisho wa mwaka ule aliandikiwa barua na kijana Clifford Peel, mwanafunzi wa uganga aliyekwenda vitani kuwa rubani, akimweleza jinsi eropleni iwezavyo kuwapelekea wagonjwa mganga. Peel hakuyaona matunda ya barua yake, maana Septemba 1918 aliruka huko Ufaransa, asirudi. Flynn akataabika miaka kumi akitafuta fedha, hata Mei 1928 eropleni ya kwanza, Victory, ikaruka kutoka Cloncurry pamoja na Daktari Welch. Katika mwaka wa kwanza walitibiwa wagonjwa 225.

Mji huo wa Cloncurry leo una nyumba ya makumbusho iitwayo John Flynn Place. Wageni wengi hupenda habari za eropleni. Mimi naona kitu kikubwa zaidi ni simu ya upepo ya Alfred Traeger, iliyotengenezwa mwaka 1929. Umeme wake hutoka miguuni mwa mtu, akikanyaga kama mpanda baisikeli, na mikono yake hubaki huru kupiga habari. Eropleni isiyoitwa itakwenda wapi? Tangu 1942 yakaongezwa masanduku ya dawa zenye namba, ili mganga aliye mbali amwambie mama wa nyumbani, "Mpe namba fulani," asikosee jina.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki kazi hii ilianza mwaka 1957, wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walipoanzisha shirika lijulikanalo sasa kwa jina la AMREF. McIndoe alikuwa amejulikana kwa kutengeneza upya nyuso za marubani walioungua vitani. Kutoka Nairobi waganga wakaruka mpaka hospitali za misioni zisizokuwa na mpasuaji. Tena mwaka 1983 Padre Pat Patten, wa Shirika la Roho Mtakatifu, akaanzisha Flying Medical Service kule Arusha, kuwahudumia hasa Wamasai wakaao mbali na barabara.

Waalimu wakiwasimulia watoto habari hizi, wasisahau kazi ya wenyeji. Rubani hawezi kutua mahali pasipofyekwa. Ni watu wa kijiji wang'oao visiki, wajazao mashimo ya mhanga, na kuwaondoa ng'ombe uwanjani mlio wa ndege ukisikika.