Kanisa la Kale la Escomb

Waalimu na mapadre huulizwa mara nyingi na wanafunzi wao: kanisa la kale lina faida gani, nalo ni dogo, tena lina giza? Twapenda kulijibu swali hili kwa habari za kanisa moja la mashamba katika Uingereza, ambalo twalikwenda kulizuru.

Escomb ni kijiji katika jimbo la Durham, upande wa kaskazini, karibu na mto Wear. Kanisa lake lilijengwa yapata mwaka 675. Wakati huo Ukristo ulikuwa bado mchanga katika ufalme wa Northumbria, maana mfalme Edwin alibatizwa mwaka 627. Ni nyumba nyembamba, ndefu kwenda juu, yenye madirisha madogo.

Mawe yake hayakuchongwa na waliolijenga. Waliyatwaa katika magofu ya ngome ya Warumi iliyoko Binchester, si mbali na hapo. Katika ukuta wa kaskazini liko jiwe lenye herufi LEG VI, yaani Jeshi la Sita, nazo zimesimama kichwa chini. Huenda mwashi hakujua kusoma, au alijua asijali. Kwake jiwe lilikuwa jiwe tu. Ukutani upande wa kusini imo saa ya jua, na juu yake amechongwa nyoka. Saa hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zile za kale kabisa katika Uingereza zilizo bado mahali pake pa kwanza.

Hata mwaka 1863 watu walijenga kanisa jipya, kubwa zaidi, juu ya kilima. Lile la kale likaachwa, likaanza kuharibika. Lakini kati ya mwaka 1875 na 1880 walitokea watu walioona kwamba si haki lianguke, wakalitengeneza. Basi kanisa jipya halikudumu. Kuta zake zilikuwa hazina salama, likabomolewa mwaka 1971. Watu wakarudi katika kanisa la kale kusali, nalo likawa tena kanisa la mtaa.

Wazee wetu husema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini tusiifahamu mithali hii vibaya. Waliojenga kanisa jipya hawakukosa, maana lile la kale halikuwatosha. Wa kusifiwa hasa ni wale waliolitengeneza la kale siku ambazo hakuna aliyelihitaji. Kama wasingalifanya hivyo, watu wa mwaka 1971 wangalirudi wapi?

Nasi katika mitaa yetu tunayo makanisa ya kwanza, mengine yamefanywa ghala. Yafaa kila mwalimu aandike sasa, wazee wangali hai: ni nani waliolijenga, mawe yalitoka wapi, na nani waliyabeba. Tena apande juu atazame paa kabla ya masika.