Karamu ya harusi New York: Lugha inapogeuzwa maficho

TUMEZOEA kuihesabu historia kwa vita, mikataba na viapo vya marais. Vichekesho tunawaachia watoto na watu wasio na shughuli. Mimi sikubaliani na mazoea haya. Ukitaka kujua jamii inaogopa nini, hebu itazame inapocheka. Ndiyo maana leo naomba tuijadili filamu ya mwaka 1993, The Wedding Banquet, ya mwelekezi Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan. Ni hadithi nyepesi ya mapenzi ya wanaume wawili jijini New York, lakini ndani yake mna somo la isimujamii ambalo wanafunzi wangu hulielewa upesi kuliko nadharia ninazowaandikia ubaoni.

Kwanza tuiweke mahali pake. Kuanzia 1934 hadi 1968 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni za maadili zilizohusishwa na jina la Will Hays, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mapenzi ya jinsia moja hayakuruhusiwa hata kudokezwa. Mhusika shoga alipopenyezwa, alikuwa mhalifu au kituko, na mara nyingi hakufika mwisho wa hadithi akiwa hai. Kanuni zilipoondoka, mazoea yalibaki. Kisha UKIMWI ukaingia miaka ya 1980, na sinema za aina hii zikawa za matanga. Mwaka huo huo wa 1993 Hollywood ilitoa Philadelphia, ambamo Tom Hanks anaigiza wakili anayefutwa kazi kwa sababu ya ugonjwa huo na hatimaye anafariki. Wakati wengine wakiandika mazishi, Ang Lee na wenzake, Neil Peng na James Schamus, waliandika harusi.

Kisa chenyewe ni hiki. Wai-Tung anaishi Manhattan na mpenzi wake Mmarekani, Simon. Wazazi wake kule Taiwan hawana habari. Wanachotaka ni mjukuu. Ili kuwachelewesha, kijana anawawekea masharti yasiyotimizika: eti mchumba awe mwimbaji wa opera, ajue lugha tano, tena awe na shahada mbili za uzamivu. Kumbe mtu wa kukaribia hayo anapatikana, ila shahada yake ni moja tu! Basi Simon anatoa shauri: Wai-Tung amwoe Wei-Wei, mchoraji kutoka Shanghai ambaye ni mpangaji wake na anahitaji kibali cha kuishi Marekani. Wazazi wanapanda ndege kuja kushuhudia. Ndoa ya haraka mbele ya afisa wa serikali inamliza mama mtu, mpaka mwanajeshi aliyewahi kuwa chini ya baba huyo, sasa mwenye mkahawa, anajitolea kuandaa karamu. Kwa Kichina filamu inaitwa Xi Yan, na neno xi hubeba maana ya furaha na ya sherehe ya arusi kwa pamoja. Furaha inazidi kipimo, pombe inazidi kipimo, na bibi harusi wa uongo anapata mimba ya kweli.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Nyumba hiyo ina Kichina na Kiingereza. Wai-Tung, Simon na Wei-Wei wanapogombana mbele ya wazee, wanagombana kwa Kiingereza, wakiamini wamejenga ukuta. Sisi Wakenya tunaujua ukuta huo. Ni wazazi wangapi wamehamia lugha ya mama au Kiingereza ili watoto wasisikie habari za karo iliyokosekana? Wataalamu huita tendo hili kubadili msimbo, na mara nyingi tunafundisha kwamba lengo lake ni kusogeza watu karibu. Filamu inatukumbusha lengo la pili: kuwafungia wengine nje.

Lakini ukuta ule una tundu. Baba, aliyekaa kimya muda wote, anaelewa Kiingereza. Siku ya kuzaliwa kwa Simon anamkabidhi bahasha nyekundu yenye pesa, zawadi ambayo mzee humpa mtu wa jamaa, na kumjulisha kwa Kiingereza kwamba anajua kila kitu. Kisha anamwomba asimwambie yeyote. Wakati huo mama amekwisha kuambiwa ukweli na mwanawe, naye ameomba baba asiambiwe. Wote wanajua, na kila mmoja anamlinda mwenzake asijue. Siri ya mtungi aijuaye kata, twasema; humu kila mtu ni kata.

Wapo wanaoliona hili kuwa upendo mkubwa. Ni upendo, naam, lakini una bei. Baba anamtambua Simon kwa faragha huku akiipokea harusi ya uongo hadharani, kwa sababu anamtaka mjukuu. Atakayelipa ni Simon na Wei-Wei. Katika tukio la mwisho, kwenye uwanja wa ndege, mzee anainua mikono ili apekuliwe. Mimi huona hapo mtu aliyesalimu amri nusu tu.

Msomaji asidhani haya yalikuwa mambo madogo. Taiwan ilitoka katika sheria ya kijeshi mwaka 1987, na kampuni ya huko iliyoifadhili filamu hii ilikuwa mali ya chama tawala, Kuomintang. Ilishinda kwa pamoja na filamu nyingine tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin, ikateuliwa kuwania Oscar, na kwa gharama ya takriban dola milioni 1 ikaingiza zaidi ya milioni 20. Mei 2019 Taiwan ikawa ya kwanza barani Asia kuhalalisha ndoa za jinsia moja. Sisemi filamu ndiyo iliyoleta sheria. Nasema watu walikuwa wamekwisha kulicheka jambo hilo pamoja, na ukishacheka na mtu ni vigumu kumwona zimwi.

Nasi je? Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi ilipigwa marufuku nchini, kisha Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Jina lake ni Rafiki. Nalo neno shoga, ambalo leo hutupwa kama jiwe, kwa wanawake wa Pwani lilikuwa, na kwa wengi bado ni, jina la kumwitia rafiki wa kike. Inashangaza kwamba maneno yetu mawili ya jambo hili yote yametoka kwenye urafiki. Lugha yetu huenda inajua jambo ambalo sisi wasemaji wake hatujataka kulisema mezani.